Mtoto akikuonyesha vitisho kwenye simu yake, saa ya kwanza ufanye nini? Uzi wa askari anayefanya kazi shuleni

Afande_wa_Shule:

Wakuu, salamu kwenu.

Mimi ni askari polisi na kwa sasa kituo changu cha kazi ni shule. Sikuwekwa pale kulinda geti. Nafundisha usalama darasani, nakaa na wanafunzi wakati wa mapumziko, na mwenye jambo zito anajua mlango wangu ulipo. Kesi zinazonifikia siku hizi nyingi chanzo chake ni simu, hata zile zinazoishia kwa ngumi uwanjani.

Kila kikao cha wazazi swali ni lilelile: "Afande, niweke programu gani kwenye simu ya mwanangu?" Nitalijibu huko chini, tena kwa kifupi, kwa sababu siyo programu inayoamua mtoto apone au apotee. Kinachoamua ni kama atasema au atanyamaza, na akiwa anaamua hivyo anaiwaza sura yako wewe mzazi.

Nikimuuliza mtoto aliyekaa na vitisho bila kumwambia mtu, kwa nini ulinyamaza, majibu hayatofautiani sana. "Watanipokonya simu." "Baba atanipiga." Wengine hawajibu, wanalia tu. Na yule anayemtisha analijua hilo. Nimezisoma hizo meseji. Anaandika, "Mwambie mama yako uone atakavyokufanya." Ukali wetu ndiyo silaha yake, na hakuutolea hata senti.

Kwa hiyo nikipewa dakika moja tu kwenye kikao, nasema hili peke yake: mwahidi mwanao leo, kwa maneno, kabla hakijaharibika kitu, kwamba akikuletea jambo la mtandaoni hutampiga wala kumnyang'anya simu kwa sababu ya kusema. Hata kama alikosea. Hata kama ni akaunti uliyomkataza. Kosa mtalizungumza siku nyingine. Kisha uitimize ahadi, maana watoto hukupima kwanza na jambo dogo, na ukilipuka kwa dogo, kubwa hutalisikia.

Sasa niseme linalonitisha zaidi: vitisho vya picha za utupu.

Wengi wanadhani wanaowindwa ni mabinti peke yao. Mabinti wanawindwa sana, na mara nyingi anayewawinda anataka picha zaidi na zaidi. Lakini wale wanaotaka fedha huwalenga zaidi wavulana, hasa wa miaka 14 hadi 17. Akaunti ya msichana mrembo inamfuata kijana. Inaonyesha kuwa na marafiki anaowafahamu, kwa kuwa nao walikubali ombi lilelile bila kuuliza. Mazungumzo yanahamishwa upesi kwenda programu nyingine, Snapchat, WhatsApp au Telegram. "Msichana" anatangulia kutuma picha yake. Kijana anatuma ya kwake. Haichukui muda, anaanza kupokea skrinshoti za orodha ya wafuasi wake, jina la shule yake, jina la dada yake, na maneno: lipa, la sivyo wote hawa wataiona usiku huu. Kisha wanaanza kumhesabia dakika.

Machi 2022 kijana wa miaka 17 huko Michigan, Marekani, alitishwa hivyo akiwa nyumbani, usiku. Akaunti iliyomfuata ilikuwa imedukuliwa na kuuzwa. Alilipa dola 300. Wakadai zaidi. Alfajiri alikuwa amejiua. Yote hayo yalitokea ndani ya saa chache. Ndugu wawili waliokuwa Lagos walitafutwa, wakasafirishwa hadi Marekani mwaka 2023, na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Siwasimulii ili kuwaogopesha. Nataka muone mambo mawili: alilipa na hakuachwa, na wahalifu walipatikana ng'ambo ya bahari kwa sababu ushahidi ulibaki kwenye mitambo ya kampuni za mitandao.

SAA YA KWANZA

Maneno ya kwanza yawe: "Umefanya vizuri kuniambia. Tutalimaliza pamoja." Usiulize "kwa nini ulituma?" Swali hilo halimkamati mhalifu, na linamfunga mtoto mdomo kabla hajafika kwenye sehemu mbaya zaidi, ambayo kwa kawaida huwa bado hajaisema. Usiku huo asilale peke yake. Akizungumzia kufa, hata kwa fumbo, mchukulie kwa uzito na umpeleke kwa mtaalamu au hospitali siku hiyohiyo.

Usilipe. Kama ameshalipa, acheni hapo mlipofika. Anayelipa anaonyesha kwamba anaweza kulipishwa tena. Tunzeni risiti, namba iliyopokea fedha, au picha ya kadi ya zawadi aliyoambiwa anunue.

Usifute chochote. Hapa ndipo wazazi wema wanapoua kesi. Kwa hasira na aibu mtu anafuta mazungumzo, anaondoa programu, wengine wanavunja simu ukutani. Yule mtu bado anazo picha zake. Mliopoteza ni ninyi. Piga skrinshoti ya wasifu wake ukionyesha jina la akaunti lile linaloanza na alama ya @, kwa sababu jina la juu analibadilisha kwa sekunde. Nakili kiungo cha wasifu, namba za simu, tarehe na saa za meseji. Kama programu aliyotumia inafuta meseji zenyewe, chukua simu nyingine upige picha kioo.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Usimtumie mtu yeyote picha ya utupu ya mtoto. Usiitume kwa shangazi, usiitume kwa mwalimu, na mimi pia usinitumie kwa WhatsApp "ili uone afande". Katika nchi nyingi kuisambaza ni kosa la jinai hata kwa mzazi, na kila simu inakopita inabaki nakala. Iache ilipo, leta simu yenyewe.

Ukishahifadhi ushahidi, ripoti akaunti ndani ya programu, kisha mzuie. Usimjibu, usimtukane, usimtishie polisi. Halafu njoo haraka. Kampuni za mitandao hazitunzi milele kumbukumbu za miunganisho, yaani akaunti iliingia lini na kutokea wapi. Polisi wanaweza kuomba kumbukumbu zizuiwe zisifutwe wakati kibali kinatafutwa. Kwa sheria ya Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa zipo, ombi hilo huzishikilia siku 90 na linaweza kuongezwa. Ukija baada ya miezi sita huenda tunaomba kitu ambacho hakipo tena.

Kuhusu picha zenyewe: ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inaendeshwa na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Ilizinduliwa rasmi mwaka 2023. Ni kwa picha za mtu zilizopigwa kabla hajatimiza miaka 18, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuitumia. Simu yako inatengeneza namba ya pekee kutoka kwenye picha. Namba ndiyo inayotumwa, picha haitoki kwenye simu. Mitandao iliyojiunga, ikiwamo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, inaitumia namba hiyo kuitambua picha na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa yasomwe na wanaozungumza tu, kama ya WhatsApp, lakini mlango mkubwa umefungwa, na mtoto akijua hivyo anapumua. Kwa waliotimiza miaka 18 kuna StopNCII, inafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

PROGRAMU MLIZONIULIZA

Android: Family Link ya Google. iPhone: Screen Time, pamoja na kipengele kinachofunika ukungu picha za utupu zinazoingia kwenye Messages. Instagram tangu Septemba 2024 ina akaunti za vijana, huwa za faragha zenyewe; hakikisha mwaka wa kuzaliwa uliowekwa ni wa kweli, maana akijiongezea umri ulinzi wote unaanguka. TikTok haimruhusu wa chini ya miaka 16 kupokea meseji za faragha. Kwenye WhatsApp nenda Mipangilio, Faragha, Vikundi, uzuie wasiofahamika wasimwingize kwenye makundi. Kwenye gemu, funga mazungumzo na wageni. Zima ramani inayoonyesha alipo. Chaji za simu zote zilale sebuleni, yako pia. Inatosha.

Karibuni na maswali.

MamaWatatu:

Shikamoo afande. Nina binti wa miaka 11, anacheza gemu na watoto wenzake. Kuna mmoja anasema ana miaka 13, wamecheza pamoja muda mrefu. Juzi amemnunulia binti yangu vitu vya kwenye gemu, na sasa anamwomba wahamie programu nyingine "kwa sababu huku sauti inakatika". Binti hajamwona sura. Sijui kama naogopa bure.

Afande_wa_Shule:

Marahaba mama. Huogopi bure, na umefika mapema, ambalo ndilo jambo zuri.

Sisemi mtu huyo ni mhalifu. Nasema hatua ulizozitaja zinafuatana vilevile na za mtu anayemrubuni mtoto: urafiki wa muda, zawadi inayomfanya mtoto ajione ana deni, kisha kuhama kwenda mahali ambapo gemu haina macho. Hatua inayofuata huwa ni siri. Muulize binti, kwa upole, kama aliwahi kuulizwa mambo haya: nani anashika simu yako? Mama yako anarudi saa ngapi? Unalala chumba na nani? Mtoto wa miaka 13 haulizi hayo.

Kaa naye akuonyeshe hiyo gemu, umwache akufundishe. Mkiwa mnacheza, pitieni mazungumzo pamoja. Mwambie zawadi haimdai kitu, na kwamba hakufanya kosa kupendwa na mtu. Kisha fungeni mazungumzo na wageni, ripotini akaunti, hifadhini jina lake.

Jambo moja nakusihi: usishike simu ukajifanya wewe ndiye binti ili umtege. Nawaelewa wazazi wanaofanya hivyo. Lakini anashtuka, anafuta akaunti, na wakili wake atakuja kusema ni mzazi ndiye aliyeanzisha mazungumzo mabaya. Ukiona kuna ombi la picha au la kukutana, acha palepale ulete simu.

Mzee_wa_Busara:

Afande, nakuheshimu na kazi yako, lakini mnazunguka. Dawa ni moja. Mtoto asipewe simu hadi amalize shule. Sisi tulikua bila simu. Na hii habari ya kumwahidi mtoto kwamba hutamwadhibu ni kumharibu. Mtoto aliyepiga picha za uchi anahitaji kukanywa.

Baba_Pacha:

Naunga mkono hoja ya mzee hapo juu. Angekuwa na maadili asingetuma.

Afande_wa_Shule:

Mzee wangu, shikamoo. Nitajibu sehemu mbili mbalimbali.

Kuhusu umri, hatuko mbali. Ile miaka 13 mnayoiona kila mnapofungua akaunti haikutokana na daktari kupima ubongo wa mtoto. Ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya taarifa binafsi, haikusema kwamba mwenye miaka 13 yuko tayari. Australia imeenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa inatakiwa kuhakikisha wa chini ya miaka 16 hawana akaunti. Mzazi anayechelewesha ninamuunga mkono.

Lakini wanaoletwa kwangu siyo wote wenye simu. Wengine walitumia simu ya rafiki, ya kaka, ya binamu, kompyuta ya maktaba. Aliyekatazwa simu kabisa akipatwa na jambo ana makosa mawili ya kuficha: lile lililompata, na kwamba alishika simu. Ndiye anayenyamaza kuliko wote.

Kuhusu kukanya, nakubali mtoto akanywe. Nabishania siku. Nyumba ikiungua tunawatoa watoto kwanza. Aliyechezea kiberiti tutamjua kesho.

Na Baba Pacha, kaka yangu, hili naomba ulitazame upya. Wanaofanya kazi hii ni watu wazima, wana maneno yaliyoandikwa tayari, wanawajaribu vijana wengi kwa siku moja na kunakili palepale. Kijana mwenye maadili ndiye wanayempenda zaidi, kwa sababu ana cha kupoteza. Yule wa Michigan alikuwa mwanamichezo anayependwa shuleni kwake. Pacha wako wakija kusoma uzi huu wakaona baba ameandika "asingetuma", watajua pa kutokwenda siku wakikosea. Nasema kwa heshima, na kwa sababu nawafikiria hao watoto.

Baba_Pacha:

Nimekuelewa afande. Hilo la mwisho limenigusa. Nitakaa nao.

Mwanachuo_Mkimya:

Mimi sijawa mzazi, niko chuo mwaka wa pili, ila sekondari sijaisahau. Naomba niwaambie wazazi kitu ambacho afande hawezi kukisema kama sisi.

Rafiki yangu alipitia hili. Hakuogopa kipigo. Aliogopa mama yake kuiona ile picha. Yaani kwake ilikuwa afadhali dunia nzima ione kuliko mama yake. Kwa hiyo mzazi akisema "nionyeshe hiyo simu niione mwenyewe" anadhani anasaidia, kumbe amefunga mlango. Kilichomwokoa ni dada yake aliyemwambia: sitaki kuiona picha, nataka kujua tu anakudai nini na amekupa hadi saa ngapi.

Halafu jambo jingine. Mzazi anaweza kuanza habari hizi bila kumnyooshea mtoto kidole. Ukisema "nimesikia kuna vijana wanafanyiwa hivi, kwenu wapo?" mtoto atakujibu habari za "rafiki yake". Usimuulize rafiki gani. Msaidie huyo rafiki.

Afande_wa_Shule:

Mdogo wangu, umesema jambo ambalo ningependa lisomwe kwenye kila kikao. "Sitaki kuiona picha." Wazazi, chukueni maneno hayo kama yalivyo. Hakuna ulazima wa mzazi kuitazama. Hata sisi polisi inatazamwa na wachache wanaohusika na upelelezi, na mtoto anaweza kuomba azungumze na askari wa kike au wa kiume kadiri anavyojisikia huru.

Fundi_wa_Kona:

Naongeza kwa upande wa ufundi. Wazazi wananiletea simu wakisema "ifomati, itoe uchafu wote". Nimejifunza kuuliza kwanza kuna nini, kwa sababu simu za siku hizi zinasimba data zake. Ukishairudisha kwenye hali ya kiwandani, ufunguo umefutika na yaliyokuwamo hayarudi, hata umpelekee nani. Kama kuna kesi, usifomati, usisasishe mfumo, usimpe fundi aibahatishe nywila. Izime sauti, iweke kwenye chaji, ipeleke polisi. Na mtoto aandike nywila kwenye karatasi, akiwa na hofu huisahau.

Afande_wa_Shule:

Fundi, Mungu akubariki. Mafundi kama wewe wanatuokolea kesi.

Mwl_Hisabati:

Afande, asante kwa uzi. Nafundisha sekondari. Tatizo ninaloliona halitoki kwa mgeni wa mbali, linatoka dawati la nyuma. Mvulana anachukua picha ya msichana wa darasani, picha ya kawaida kabisa, amevaa sare, anaipitisha kwenye programu ya akili mnemba inatoka yuko uchi. Inazunguka kwenye makundi kabla ya kengele ya mchana. Msichana anasema "siyo mimi", wenzake wanasema "sura ni yako". Nusu ya walimu ofisini walisema si kosa kwa kuwa picha ni ya uongo. Tulifanyeje?

Afande_wa_Shule:

Mwalimu, umelileta ambalo nalo linanikosesha raha.

Picha ni ya uongo, aliyeumia ni wa kweli. Mwili si wake lakini sura, jina na darasa ni vyake, na kesho yake anatakiwa aingie darasani hilohilo. Septemba 2023 mji mdogo wa Almendralejo, Hispania, uliamka ukakuta wasichana zaidi ya 20, wengine wa miaka 11 tu, picha zao zimetengenezwa hivyo na kusambazwa na vijana waliokuwa wakiwafahamu. Akina mama walijitokeza hadharani, na mwaka 2024 mahakama ya watoto ya Badajoz iliwaweka vijana 15 chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, wakatakiwa kupewa mafunzo kuhusu jinsia, usawa na matumizi ya teknolojia. Nchi kadhaa sasa zinaiandika picha ya namna hii wazi kwenye sheria kuwa ni kosa. Kwa hiyo ofisini kwenu msilichukulie kama utani wa vijana.

Mnachoweza kufanya siku hiyo ni kusimamisha mzunguko. Msiwakusanye wanafunzi wote mkaitaja picha mbele yao, mtaitangaza. Msichukue simu za wanafunzi mkaanza kupekua picha, wala mwalimu asiinakili kwenye simu yake "kama kielelezo". Andikeni nani aliiona, kwenye kundi gani, saa ngapi, nani aliituma. Waiteni wazazi wa pande zote mbili, kila upande peke yake. Take It Down inapokea na picha za kutengenezwa, hivyo msaidieni binti na mzazi wake kuijaza. Na msimhamishe yeye darasa kwa kisingizio cha kumlinda. Mkifanya hivyo mmemwadhibu aliyeonewa.

Yule mvulana naye ni mwanafunzi wangu. Sina hamu ya kuona maisha yake yanaishia mahakamani akiwa na miaka 14. Lakini lazima akae mbele ya mtu mzima asikie alichokifanya, na mzazi wake asikie pia, bila kupunguza maneno. Wengi wao hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu upande wa pili wa ile picha.

Nikiwa bado hapo, mwalimu: shule nyingi zinaweka mtandaoni picha za wanafunzi zikiwa na jina kamili, darasa na nembo ya shule. Mtu anayetafuta sura na majina amerahisishiwa kazi yote. Wekeni picha za kundi kutoka mbali, bila majina, na kwa idhini ya mzazi. Wazazi nao waliangalie hilo kwenye kurasa zao, hasa siku ya kufungua shule.

Mwl_Hisabati:

Hilo la kumhamisha darasa ndilo lililokuwa limependekezwa. Nitalipinga.

Dada_Mkubwa:

Swali fupi. Niweke programu ya kuona meseji zote za mwanangu bila yeye kujua? Ana miaka 15.

Afande_wa_Shule:

Dada, ushauri wangu ni hapana kwa kificho, na ndiyo kwa uwazi.

Mtoto wa miaka 8 kagua kila kitu, naye ajue. Wa miaka 15 akigundua ulikuwa unamsoma kwa siri, na watagundua tu, anafungua akaunti ya pili ambayo hutaiona kamwe, na ile ahadi niliyoizungumzia mwanzo inakufa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika ufafanuzi wake namba 25 wa mwaka 2021, inasema ufuatiliaji wa mtoto mtandaoni usimnyime faragha yake bila sababu ya haki na uendane na kiasi cha hatari. Nami kazini naona hivyohivyo: sababu ikiwepo, ongeza ukaguzi, mwambie umeongeza, mwambie na kwa nini.

Halafu programu nyingi za upelelezi zinazouzwa kwa wazazi hupakia meseji na picha za mtoto kwenye mitambo ya kampuni usiyoijua. Baadhi yao zimewahi kudukuliwa na taarifa zikamwagika. Utakuwa umemkabidhi mwanao kwa wageni wengine.

Kipepeo_wa_Asubuhi:

Afande, mimi nina uchungu. Nilipeleka simu kituoni na mtoto akiwa pembeni yangu. Tukaambiwa mambo ya mtandao hayashughulikiwi pale, na askari mmoja akamuuliza binti mbele ya watu kwa nini alituma picha. Mtoto amekataa kurudi. Unatuambia tuje haraka, tukija tunapokelewa hivyo. Nifanye nini sasa?

Afande_wa_Shule:

Mama, pole sana. Hivyo sivyo mtoto anavyopaswa kupokelewa, na swali lile halikupaswa kuulizwa mahali popote, sembuse kaunta.

Binti hana ulazima wa kurudi kesho. Nenda wewe, au mtu mzima unayemwamini, uombe kitengo au dawati linalohusika na watoto na unyanyasaji. Usieleze habari nzima kaunta, sema tu ni kesi ya mtoto na unahitaji chumba. Ukifika, neno la kwanza liwe "kumtishia mtoto na kumdai fedha kwa picha za utupu", usianze na "mtandao". Vitisho na kudai fedha kwa nguvu ni makosa ya jinai ambayo kila askari anayajua. Peleka maelezo yaliyoandikwa, yenye tarehe, jina la akaunti na namba za malipo, ubaki na nakala. Usiondoke bila namba ya taarifa yako na jina la aliyeipokea. Ukikataliwa tena, omba kumwona mkuu wa kituo, na kama shule ya binti ina askari au mshauri, mwombe akusindikize. Hiyo ni sehemu ya kazi yetu, hutuombi hisani.

Wakati huohuo piga simu ya msaada kwa watoto. Tanzania, Kenya na Uganda namba ni 116. Wanaopokea wamezoea kuzungumza na watoto, na binti anaweza kupiga yeye mwenyewe bila kutaja jina. Walio nchi nyingine ulizeni shuleni namba ya kwenu, muiandike mahali mtoto anapoiona bila kuomba.

Simu usiifute, hata kama mmekata tamaa nayo. Weka nywila yake kwenye karatasi kama fundi alivyosema, na unitumie ujumbe wa faragha hapa: siyo picha, wala jina la mtoto, niambie tu tarehe ilipoanza na mtandao uliotumika, nikuandikie vipengele vya kuweka kwenye hayo maelezo kabla hujaenda.